Leigh Creek: pitieni, msiogope ukimya wake

Ndugu, umeuliza kama Leigh Creek, mji mdogo wa Australia Kusini, unafaa kusimama mkitoka Adelaide kwenda milima ya Flinders, maana umesikia mgodi wake wa makaa ya mawe umefungwa. Simameni, tena mlale hata usiku mmoja.

Makaa ya mawe yalianza kuchimbwa kwa wingi pale mwaka 1943, na baadaye yakawa yanapelekwa kwa treni hadi mitambo ya umeme ya Port Augusta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji wote ulihamishwa, kwa kuwa makaa yalikuwa chini ya nyumba za watu! Mgodi ulifungwa Novemba 2015, wengi wakaondoka. Kwangu mimi hilo ndilo la kuwaeleza watoto: nyumba zimejipanga vizuri, miti ya kivuli ipo, wenyewe wachache. Waambieni pia kwamba ni nchi ya Waadnyamathanha, wenyeji wa asili wa eneo hilo, tangu kale.

Shimoni mwa mgodi msiingie. Nendeni bwawa la Aroona jioni, miamba ikigeuka nyekundu.

Jazeni mafuta Hawker, mji ulio njiani, bebeni maji ya kutosha, na giza lisiwakute barabarani: kangaruu hukatiza ghafla. Desemba hadi Februari joto ni kali mno. Juni au Julai ni bora, ila usiku chukueni masweta.