Sipigi, lakini nilikuwa nanuna

Tangu niweke ile picha yetu, mimi na mwanangu, tuko Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, tunakula mihogo, meseji haziishi. Dada mmoja kaniandikia, "Mamii, mimi nimelelewa kwa kipigo na sasa mwanangu ananiogopa, wewe ulifanyaje?" Nilianza kumjibu kwa voisi, dakika nane zikapita, nikaona bora niandike tu.

Kwanza mimi sijawahi kumpiga mwanangu, na nilikuwa najisifia hilo kila nikikaa na wenzangu. Kumbe nina bakora yangu nyingine. Nanuna.

Mamangu alikuwa bingwa wa kununa. Nikiwa na miaka tisa nilivunja chupa ya mafuta taa, huko Majengo, na hakunigusa wala hakunitukana, alininyamazia tu. Wiki nzima. Chakula kinawekwa mkekani halafu anamwambia kakangu, "Mwambie huyo ale." Huyo! Na mimi nimekaa pale pale. Nilikuwa nafagia, nakunja nguo, naamka alfajiri kumchotea maji, natafuta tu aniite jina langu. Mpaka leo mume wangu akinyamaza kidogo tumbo lanikata.

Sasa mwaka jana mwanangu, ana miaka sita, akatumbukiza simu yangu kwa ndoo ya maji, na simu ndio biashara, oda zote za keki zimo humo. Sikusema kitu. Nikajiona nimejizuia, mtu mzima kabisa. Siku ya kwanza akaniletea champali zangu mpaka miguuni, akaniimbia kasida ya madrasa, akajiangusha makusudi nicheke. Siku ya pili akaacha. Akakaa anaangalia ukuta, anakwangua rangi kwa kucha, na mimi nikamwambia dada wa kazi, "Mwambie huyo akaoge."

Wallahi ilikuwa sauti ya mamangu, vile vile.

Baadaye nikasoma kuhusu mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, miaka ya 1970 aliwaambia kina mama wacheze na watoto wao wachanga halafu ghafla wakaushe uso, wasicheke wasijibu, dakika chache tu. Watoto wanatabasamu, wananyosha mikono, wanapiga kelele, mwisho wanageuza uso pembeni. Dakika chache! Mimi wangu nilimpa siku mbili.

Usiku wa siku ile ya pili nikakaa chini kando ya kitanda chake nikamwambia nimekosea kukunyamazia, simu ndio iliniuma. Akaniuliza, "Kumbe ulikuwa waniona?"

Hapo katikati kuna mambo ya kaunseling na kulia sana, sitawachosha.

Lakini wamama wenzangu, rudini kwa watoto wenu. Twasema mtoto atasahau, wewe umesahau? Mbona mimi chupa ya mafuta taa naikumbuka mpaka rangi ya kizibo? Kukasirika utakasirika, wewe si malaika, ila sema kwa mdomo kuwa umekasirika na useme utamaliza lini. Ukishindwa nenda chooni ujimwagie maji usoni, halafu urudi. Watu wananiuliza siri, siri ni hiyo tu, kurudi, na kurudi hata kama wewe hukurudiwa. Mamangu nilijaribu kumweleza, akanijibu, "Kwani nilikunyima chakula?" Hilo bado lanichoma na sitajifanya nimepona.

Ila wangu sasa anakuja mwenyewe. Wiki iliyopita katoka skuli, kasimama mlangoni na begi mgongoni.

"Mama, nimepoteza sweta. Utanuna?"

Nikamwambia sinuni, lakini nimekasirika, hiyo ni sweta ya pili.

"Umekasirika mpaka saa ngapi?"

Mpaka nimalize kukata hivi vitunguu, nikamwambia. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu akihesabu vilivyobaki.