Anzeni chini wadogo zangu, hicho kipimo cha mshkaji sio chako

Jumamosi iliyopita kijana mmoja kaja kwangu na simu mkononi, ananionyesha picha ya kipimo, yaani kiasi cha baruti cha kujazia risasi za bunduki ya .308, alichotumiwa na rafiki yake wa jimbo lingine. Ganda la kampuni gani haijaandikwa, fataki (kile kiwashio cha kitakoni) gani haijaandikwa, urefu wa risasi haupo, ni greni tu, yaani uzito wa baruti, na maneno "hii inapiga tundu moja". Ananiuliza, kaka nikianzia hapa si poa tu? Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda sana, wengi wenu mmekuja huku Texas kama mimi, nyumbani bunduki tulikuwa tunaiona kwa mlinzi wa benki na kwa bwana nyama basi, leo una presi yako (mashine ya kujazia) gereji na unajaza risasi mwenyewe za kuwindia paa na nguruwe pori, ni raha kubwa. Ila hili la kuanzia kwenye namba ya mtu linanikosesha usingizi, acha niliandike mara moja.

1. Kipimo cha kuanzia kinatoka kwenye kitabu cha vipimo, na kitabu kiwe cha kichwa unachotumia, yaani kile kipande kinachoruka. Hornady, Sierra, Nosler, Lyman, Speer, wote wanatoa, na Hodgdon, kampuni ya baruti, wanaweka vipimo vyao bure mtandaoni. Kama kitabu kinatoa kiwango cha juu peke yake, toa asilimia 10 uanzie hapo, yaani ikiandikwa 50 wewe anza 45 (huo ni mfano wa hesabu, sio kipimo cha kujazia). Vitabu viwili vikipishana fuata cha chini.

2. Soma jina la baruti mpaka herufi ya mwisho. IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili tofauti, namba kufanana isikudanganye. Na mezani likae kopo moja tu, mengine yote kabatini.

3. Hapa ndo nataka mkae chini.

Mwaka wangu wa pili wa kujaza nilikuwa na .308 niliyoachiwa na mzee jirani, yeye ndo alinifundisha kila kitu, macho yalipomsumbua akaacha kuwinda akanipa bunduki yake. Rafiki yangu wa Minnesota alikuwa na kipimo kinachomfurahisha, kichwa cha greni 168, akanisomea kwenye simu nikaandika kwa peni kwenye mfuniko wa boksi. Kwake kilikuwa salama kabisa, hilo nalisema mpaka leo, yule bwana hana kosa hata moja. Kosa ni langu, maana nilichukua namba yake nikaacha vitu vyake vyote huko huko kwake. Yeye alitumia maganda ya kawaida ya dukani, mimi nilikuwa na maganda ya jeshi ya kuokota yenye LC kitakoni (alama ya kiwanda cha Lake City), ambayo mara nyingi kuta zake ni nene kwa hiyo nafasi ndani ni ndogo, baruti ile ile kwenye chumba kidogo presha inapanda. Kichwa chake kilikuwa na madini ya risasi (ledi) ndani, changu kilikuwa kopa tupu, uzito ni ule ule greni 168 lakini kopa ni nyepesi kuliko ledi kwa hiyo kichwa kinakuwa kirefu, kinazama zaidi ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Yeye alipima kipimo chake Novemba, mimi nilienda kupiga Agosti na boksi lilikaa juu ya dashibodi ya gari tangu asubuhi, na baruti ikipata joto presha inapanda. Vitu vitatu, vyote vinasukuma upande mmoja, na mimi nimejaza risasi 50 kwa mkupuo bila kujaribu hata moja ya chini.

Risasi ya kwanza ilipiga teke kali kuliko nilivyozoea na bolti, lile komeo la kufungia chemba, ikawa nzito kuinua. Mzee alishaniambia bolti ikiwa nzito unaacha, unafunga mzigo unarudi nyumbani. Nikajiambia labda chemba ina uchafu. Ya pili, bolti nikaipiga kwa kiganja ndo ikafunguka, na kwenye kitako cha ganda kulikuwa na kiduara kinang'aa, alama ya ejekta (kile kipini kinachotupa ganda nje), shaba ilisukumwa mpaka ikaingia kwenye kitundu chake. Nililiangalia ganda lile nikaliona kabisa, alafu nikaweka ya tatu kwa sababu mwanangu wa miaka 9 alikuwa amekaa nyuma yangu na zile hedifoni za masikio, nilimuahidi tutapiga tano tano. Ya tatu ilitoa moshi pembeni ya bolti, upepo wa moto ukanipiga shavuni na vichembe vikagonga kwenye miwani, ta ta ta kama mchanga. Fataki ilitoka yote mahali pake. Bolti haikufunguka tena pale, mpaka nilipoipeleka kwa fundi bunduki. Mtoto ananiuliza, baba umeumia? Nilishindwa kumjibu kwa muda maana mikono ilikuwa inatetemeka, na nilichokuwa nawaza ni kwamba bila ile miwani ya dola chache ningekuwa namjibu nikiwa sioni.

Risasi 47 zilizobaki nilizing'oa moja moja kwa nyundo ya kung'olea, usiku mbili. Mzee nilimpigia simu nikamweleza yote. Hakunigombeza, aliuliza tu mtoto mzima?

4. Kwa hiyo ukibadilisha ganda, fataki, kichwa, au hata kopo jipya la baruti ile ile, shuka uanze tena. Kusogeza kichwa mpaka kiguse mifereji ya mtutu nako kunapandisha presha.

5. Panda kidogo kidogo, kwenye .308 hatua ya greni 0.3 mpaka 0.5, risasi tatu kila hatua, na usivuke kiwango cha juu cha kitabu. Bolti nzito, fataki iliyolala bapa, kiduara cha ejekta, moja tu inatosha kuacha, na risasi ulizojaza baruti zaidi ya hapo zing'oe. Ila msitegemee dalili peke yake. Kikomo cha presha cha SAAMI, chombo cha viwango vya watengeneza bunduki na risasi Marekani, kwa .308 ni psi 62,000, na ganda linaweza kukaa kimya mpaka umeshakivuka. Nunua kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya kichwa. Kama kasi yako imeshafika ile ya juu ya kitabu na baruti bado iko chini, basi presha yako imeshafika juu, hapo ndo mwisho wako hata kama namba ya greni bado ndogo.

6. Chini nako kuna mwisho. Msishuke chini ya kipimo cha kuanzia mkidhani ndo usalama zaidi, baruti za taratibu zikiwa chache ndani ya ganda kubwa zinaweza kupandisha presha vibaya, na baruti ya H110 ndo kabisa haitaki kupunguzwa ovyo. Ukitaka risasi laini ya mtoto au mama watoto tumia baruti ya H4895, Hodgdon wenyewe wanaruhusu kushuka mpaka asilimia 60 ya kiwango chao cha juu.

7. Mizani ihakikishwe kwa vijiwe vyake vya kupimia kila unapokaa, na trei ya maganda imulikwe kwa tochi kuona baruti iko sawa kabla ya kuweka vichwa. Simu iache sebuleni.

Yule kijana wa Jumamosi tulikaa naye meza moja, tukafungua kitabu cha kichwa chake. Ile namba ya kwenye picha ilikuwa juu ya kiwango cha juu. Hakusema kitu, akaifuta.

Lile ganda la tatu liko kwenye droo chini ya presi. Ukija kwangu nitakupa ulishike, weka fataki mpya kwenye tundu lake kwa kidole, geuza, uone inavyodondoka yenyewe, presha ilishalipanua tundu.