Maswali ya Wasomaji: Kifaa Gani Kimwongoze Msafiri wa Pikipiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wanne tunapanga kusafiri kwa pikipiki kutoka Nairobi, tupitie Nyahururu, Maralal na South Horr hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kisha turudi kwa njia ya Marsabit na Isiolo. Mjini nimezoea kutumia simu. Mwenzangu mmoja anasisitiza ninunue Garmin zūmo XT2, kifaa cha GPS cha pikipiki, mwingine anasema hizo ni pesa za kutupa kwa kuwa simu hufanya kazi ile ile. Nami nimeona kifaa cha gari cha bei nafuu huko Luthuli Avenue, na muuzaji ananihakikishia kwamba GPS zote ni sawa. Nimsikilize nani?
— Msafiri, South C

JIBU: Ndugu Msafiri, muuzaji huyo amekuambia nusu ya ukweli, nusu ile inayomsaidia kuuza. Kupokea mawimbi ya setilaiti si jambo linalovitofautisha sana vifaa siku hizi. Setilaiti za GPS za Marekani, GLONASS za Urusi, Galileo za Umoja wa Ulaya na BeiDou za Uchina hutangaza mawimbi yake bila malipo kwa kila mwenye kipokezi, na tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kipokezi cha kawaida kilicho mahali peupe huweza kukuonyesha ulipo kwa kukosea mita chache tu. Tofauti iko katika mambo yanayofuata baada ya hapo, na mimi huanza na ramani, ingawa wanunuzi wengi huanza na ukubwa wa kioo.

Kifaa kilichotengenezewa soko la Ulaya huja na ramani ya Ulaya, na cha soko la Marekani huja na ramani ya Amerika Kaskazini. Ukikiwasha hapa Nairobi kitajua vizuri kabisa kilipo duniani, lakini kitakuonyesha ukielea juu ya uwanja mtupu wenye barabara kuu mbili tatu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza kama ramani ya kina ya Kenya imo, na kama kifaa kinakubali kuongezewa ramani nyingine. Vifaa vya Garmin vya aina ya zūmo XT na XT2 vinakubali: unaweza kutia kwenye kadi ya kumbukumbu ramani za Tracks4Africa, kampuni ya Afrika Kusini inayotengeneza ramani zake kutokana na kumbukumbu za wasafiri waliopita njia hizo, au ramani za OpenStreetMap zilizogeuzwa ziweze kusomwa na Garmin, ambazo ni za bure. TomTom Rider ni kifaa kinachosifiwa kwa barabara za Ulaya, lakini hakipokei ramani za watengenezaji wengine, na kwa sababu hiyo moja nisingekinunua kwa safari ya Ziwa Turkana.

Kuhusu OpenStreetMap, ambayo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, hapa kwetu wengi waliifahamu mwaka 2009 kupitia mradi wa Map Kibera, vijana wa Kibera walipochora wenyewe vichochoro vya mitaa yao. Ubora wake na udhaifu wake vinatoka mahali pamoja: imechorwa na watu waliopita. Aliyepita kwa Land Cruiser wakati wa kiangazi huweza kuandika kwamba ni barabara, nawe ukaifikia kwa pikipiki yenye mizigo na kukuta kilomita kumi za mchanga laini.

Ramani pia huzeeka, na njia mliyoichagua ina mfano mzuri wa jambo hilo. Kwa ajili ya kupitisha mitambo mikubwa ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, barabara ya kutoka Laisamis hadi eneo la mradi, ya kilomita 208, ilifanyiwa ukarabati mkubwa. Ramani iliyotangulia kazi hiyo itakuonyesha njia ya ngamia na kukukataza, ilhali kwa kundi lililochoka hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuifikia lami. Mkiifuata mtatokea kwenye barabara ya Moyale kusini mwa Marsabit, kwa hiyo amueni mapema kama Marsabit yenyewe mnaitaka au hapana.

Sasa nirudi kwenye vifaa vitatu ulivyovitaja. Kile cha gari kiache hapo hapo Luthuli. Kimetengenezwa kukaa nyuma ya kioo cha gari, mahali pasipo mvua wala vumbi. Mwangaza wake hushindwa na jua la saa sita, vidole vyenye glavu mara nyingi havikifungui, na kijitundu chake cha chaja hulegea kwa mtetemo kabla hujafika Rumuruti. Kifaa cha pikipiki huwa na alama ya IPX7 au zaidi, maana yake kimepimwa kwa kuzamishwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na kishikizi chake hupokea umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12.

Simu ni hoja nzito zaidi, na mwenzako anayeitetea si mjinga. Programu za OsmAnd na Organic Maps hupakua ramani ya Kenya nzima na kukuelekeza bila mtandao wowote, na ramani zake huhuishwa mara nyingi kuliko za vifaa vingi vya dukani. Lakini simu ina maadui wawili juu ya pikipiki. Wa kwanza ni joto: Apple, kwa mfano, inasema iPhone itumike katika halijoto ya kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na ukingo wa Turkana huvuka kiwango hicho mchana, tena simu ikiwa juani, inachaji na imewashwa kwa mwangaza wote. Itajizima, na itajizima kwenye njia panda. Wa pili ni mtetemo wa injini, ambao kampuni hiyo hiyo ilitoa onyo juu yake mwaka 2021, ikieleza kwamba unaweza kuharibu sehemu nyororo za kamera. Pikipiki za silinda moja kubwa ndizo mbaya zaidi kwa hili. Vipo vishikizi vyenye mpira wa kupunguza mtetemo, navyo si anasa.

Kuna adui wa tatu ambaye hatajwi katika vijitabu vya watengenezaji. Simu yako ndiyo pochi yako. Ikivunjika au ikinyakuliwa kwenye usukani ukiwa umesimama katika foleni, umepoteza ramani, M-Pesa na namba za watu wote ambao ungewaomba msaada, vyote kwa mara moja. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayetoka nje ya lami mara moja au mbili kwa mwaka ni huu: simu yako ya kila siku ikae mfukoni, na usukani upewe simu ya pili, ya zamani, ya Android, isiyo na laini, iliyotiwa ramani na kufungwa katika mfuko usioingiza maji. Zūmo XT2 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 600, kabla ya usafirishaji na ushuru wa forodha. Ni kifaa bora, chenye kioo cha inchi 6 kinachosomeka juani, na kama safari za namna hii zimekuwa desturi yenu, kinunue bila kujuta. Kama ni safari moja, hizo dola ziende kwenye tairi.

Tena mko watano. Hakuna haja ya kila mmoja kuwa na kifaa ghali, wala si busara wote kuwa na kifaa cha aina moja, kwa sababu ramani ikikosea itawakosesha wote pamoja. Mmoja awe na zūmo au Montana, kifaa kingine cha Garmin, wawili wawe na simu zenye ramani ya asili nyingine, na mmoja abebe kifaa kidogo kama eTrex 22x kinachotumia betri mbili za kawaida za AA, zile zinazopatikana katika duka lolote la Maralal. Kule ambako mtandao wa simu hukatika kwa saa nyingi, kifaa cha aina ya inReach, kinachotuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, kina thamani kuliko ramani yoyote, ila hudai ada ya usajili.

Jambo la kujifunza nyumbani kabla ya safari ni tofauti kati ya ruti na traki, kwa maana faili moja la GPX, yaani faili la kubebea njia kutoka kifaa hadi kifaa, mtakalopeana laweza kubeba vyote viwili. Traki ni nyayo: mstari wa nukta nyingi zilizoandikwa na mtu aliyepita, na kifaa huuonyesha kama ulivyo bila kuubadilisha. Ruti ni orodha ya vituo vichache, na kila kifaa hukokotoa chenyewe namna ya kwenda kutoka kituo hadi kituo kwa kutegemea ramani yake na mipangilio yake. Ndiyo sababu watu wawili waliopokea ruti ile ile huweza kuachana Rumuruti, kila mmoja akiamini mwenzake amepotea. Kwa barabara za kaskazini tumieni traki, na katika mipangilio zimeni ile amri ya kukokotoa njia upya mtu anapokengeuka; mkilizunguka laga, yaani mto wa msimu, lililojaa maji, kifaa kisianze kuwashawishi mrudi Nyahururu. Laga lenyewe, bila shaka, hakuna kifaa kitakachowaambia limejaa. Hilo huulizwa wenyeji.

Mpangilio mwingine una umuhimu hata kabla hamjatoka mjini. Kifaa kilichowekwa kwa ajili ya gari kitakuelekeza upande Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya takriban kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, ambayo pikipiki haziruhusiwi. Chagua hali ya pikipiki ikiwapo, na juu ya hayo kiamuru kifaa kikwepe barabara za kulipia. Usishangae pia ukiwa chini, kwenye Mombasa Road, nacho kikadhani uko juu: barabara mbili zilizopandana hukichanganya, na kitatangaza njia za kutokea ambazo wewe huzioni.

Mwishowe, umeme. Mpe kazi hiyo fundi wa umeme wa pikipiki, afunge waya wenye fyuzi kutoka kwenye betri na kuupitisha kwenye swichi ya ufunguo, ili kifaa kisinyonye betri usiku kucha.

SWALI: Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda. Je, GPS inakula bando? Na mbona simu yangu ikikosa mtandao huchukua muda mrefu kujua nilipo?
— Mwendeshaji, Kasarani

JIBU: GPS yenyewe haili bando hata kidogo, kwa kuwa simu husikiliza tu na haitumi chochote kwa setilaiti. Kinachokula bando ni picha ya ramani na habari za foleni. Pakua ramani ya Nairobi ukiwa kwenye Wi-Fi, na matumizi yatashuka sana.

Ucheleweshaji una sababu. Simu yenye mtandao huletewa na mtandao huo habari za mahali setilaiti zilipo. Isipokuwa nao hulazimika kuzisubiri kutoka kwa setilaiti zenyewe, ambazo huzituma polepole. Kila setilaiti huhitaji kusikilizwa mfululizo kwa takriban nusu dakika, na ukipita chini ya daraja au kati ya majengo marefu katikati ya usikilizaji huo, kazi huanza upya. Simama mahali peupe dakika moja au mbili kabla ya kuondoka.

SWALI: Rafiki alinitumia namba za latitudo na longitudo za kambi yao karibu na Magadi. Nilipoziingiza kwenye kifaa cha pikipiki yangu, kilinionyesha mahali zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Kifaa ni kibovu?
— Mwalimu, Buruburu

JIBU: Mwalimu, kifaa ni kizima. Magadi iko kusini mwa Ikweta, kwenye latitudo ya takriban 1°54′ Kusini na longitudo ya 36°17′ Mashariki. Ukisahau kuchagua Kusini, au kutia alama ya kutoa mbele ya namba, kifaa hukupeleka umbali ule ule upande wa pili wa Ikweta, na kwa Magadi hapo ni kuelekea bonde la Suguta. Nchi ambayo Ikweta hupita katikati yake huwaadhibu wasafiri wake kwa kosa hili dogo kuliko nchi nyingi.

Kuna kosa la pili linalofanana nalo, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halijitangazi. Dakika 54 si sehemu 54 za mia: 1°54′ kwa desimali ni 1.9, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60. Ukiandika 1.54 utasimama kilomita 40 hivi kaskazini mwa Magadi, katika nyika inayofanana kabisa na ile unayoitafuta, na hutakuwa na sababu ya kushuku. Mwombe rafiki yako akutumie namba hizo kwa desimali, ukiweke kifaa chako katika mtindo huo huo, kisha ulinganishe umbali kinaokuonyesha na ule unaoujua: kutoka katikati ya Nairobi hadi Magadi kwa barabara ni kilomita zaidi kidogo ya 100.