Kabla hujanunua blenda ya pesto, angalia kinu chako

Ingia duka lolote la vyombo Ngamiani, hapa Tanga mjini, useme unatafuta kitu cha kusagia majani, utaletewa blenda. Itakuwa kubwa, jagi la lita moja na nusu, vitufe chungu nzima, na muuzaji atakuapia kwamba inasaga hata barafu. Sibishani naye, barafu itasaga. Majani ni habari nyingine, na kwa pesto blenda hiyo ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu.

Kwa asiyeijua, pesto ni chatne nzito ya Waitaliano wa Genova: majani ya rehani, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini kavu, chumvi na mafuta ya zeituni. Sehemu nyingine za Ulaya, baridi ikishaisha, kuanzia Machi hadi Mei hivi, watu huingia msituni kuchuma majani ya kitunguu saumu pori na kuyatumia badala ya rehani. Mmea huo kwetu haupo. Wifi yangu anayeishi Ujerumani ndiye aliyenifundisha upishi wake, nami huku Tanga natumia majani mabichi ya kitunguu saumu cha kawaida, nikiyapata kwenye mboga zinazoshuka kutoka Lushoto, pamoja na kotmiri kidogo. Yakiadimika, chukua punje zilizokwisha kuchipua uzifukie kwenye ndoo ya udongo uani. Kwa joto letu hili kichwa usikitarajie, ila majani utakata. Mbegu za msonobari nimezisahau kabisa. Korosho tunazo, na kwa ulimi wangu zimezishinda. (Mlioko Ulaya, msiende kuchuma peke yenu mara ya kwanza. Kuna mimea yenye sumu ambayo majani yake yanafanana sana na hayo.)

Kasoro ya blenda ya juisi ni umbo lake. Jagi ni refu, chini limebana, na kisu ni kidogo. Limetengenezwa kwa kitu cha majimaji kinachojizungusha chenyewe na kurudi kwenye kisu. Majani makavu hayarudi. Yanajibandika pembeni, kisu kinakata hewa, nawe unaanza kuongeza mafuta, kisha maji tone moja, kisha jingine, mpaka mashine ishike. Hapo tayari una juisi ya kijani. Isitoshe, kadiri mota inavyokazana ndivyo majani yanavyopata joto na hewa, na rangi ile nzuri inageuka ya matope. Mafuta ya zeituni yenyewe yakipigwa kwa kasi hutoa uchungu, kwa hiyo hata ukitumia mashine, mafuta yatie mwishoni na ukoroge kwa kijiko.

Turudi kwenye kinu, ambacho nyumba nyingi za pwani hazikosi. Genova wenyewe wanatumia kinu cha marumaru na mchi wa mti, na huko hufanyika mashindano ya dunia ya pesto ambayo washiriki wote hutwanga kwa mkono, mashine hairuhusiwi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kinu ni ushamba.

Lakini si kila kinu. Kile kirefu cha kutwangia mpunga au kisamvu kinameza majani, na mchi wake unapiga tu. Kwa pesto unataka kinu kifupi, kipana mdomoni, chenye tumbo la duara, na mchi wenye kichwa kinene kinachokaa vizuri ndani ya duara hilo. Sababu ni kwamba majani hayatwangwi kwa kupigwa, yanasagwa kwa kuzungushwa: mchi unayabana ukutani na kuyaburuta. Kinu chembamba hakikupi nafasi ya kuzungusha mkono. Kishike kabla ya kununua. Kikiwa chepesi kitacheza mezani, na utatumia nguvu nyingi kukizuia kuliko kusaga. Pitisha kidole ndani: kiwe na ukwaru kidogo, kisiwe kimepakwa vanishi, na kisiwe na ufa hata mwembamba, maana ufa ndio nyumba ya uvundo.

Kuhusu kilichotengenezewa, mti mgumu na jiwe zito ndivyo ninavyovipendekeza. Vinu vya shaba ninaviona kwenye nyumba za wazee, vizuri kupita kiasi, navyo viachiwe iliki na mdalasini mkavu, kwa sababu chumvi na ndimu huila shaba na kuingia kwenye chakula. Cha chuma kitakuachia ladha ya msumari. Cha plastiki sitaki hata kukizungumzia. Kinu kipya cha jiwe, saga kwanza mchele mbichi ndani yake, uumwage, urudie mpaka unga utoke mweupe bila mchanga.

Na jambo ambalo nitalisema hata ukinichukia: kinu cha saumu kisiwe cha iliki. Mti unashika harufu. Ukishaponda saumu humo, chai yako ya maziwa itakutangaza kwa majirani.

Kama mkono hautaki kutwanga, au unapika kwa ajili ya watu wengi, chaguo langu la pili ni chopa ya kuvuta kamba. Ni bakuli dogo la plastiki, visu ndani, kifuniko chenye kamba. Watu wanaidharau kwa sababu ya bei yake, lakini bakuli lake ni pana na fupi, visu viko juu na chini, na kwa kuwa unavuta mwenyewe, unasimama pale unapopenda. Haipati joto, na umeme ukikatika katikati ya kazi hujali. Itakupa pesto yenye chengachenga, si laini kama ya kinu, na kwenye mihogo ya kukaanga au samaki wa kuchoma mimi naipenda hivyo. Sehemu yake dhaifu ni kamba. Ivute pale pale dukani mara kadhaa. Kama hairudi yenyewe haraka, omba nyingine.

Ya tatu ni kile kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu kinachouzwa pamoja na blenda. Kinafaa, kwa masharti. Tanguliza korosho na chumvi, majani yafuate kidogo kidogo, bonyeza na kuachia badala ya kushikilia, na kikombe kilale kwenye friji kabla ya kazi. Kama kinasagia pia bizari, tafuta kingine. Kabla ya kulipia, uliza kama mpira wa ndani na gia ya chini vinapatikana peke yake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza.

Wapenzi wa vyombo vya mtumba, geuza mashine usome kibandiko cha chini. Umeme wetu ni volti 230. Cha kutoka Ulaya kitafanya kazi, utahitaji tu kubadili plagi. Cha Japani ni cha volti 100, cha Marekani 120. Ukikichomeka hivi hivi utasikia harufu kabla hujaona pesto.

Vinavyobaki ni vidogo. Kisu kikali ni lazima, kwani majani ya saumu yana nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye visu vya mashine na kuteleza chini ya mchi. Yakate kwa upana wake, vipande vya sentimita moja. Kitambaa safi cha pamba au kanga kuukuu ya kukaushia majani baada ya kuosha, maana maji ndiyo yanayoharibu pesto mapema. Yale madude ya kuzungushia majani yakauke yanakula kabati nzima, achana nayo, tandaza chini ya feni. Jibini nakwangua kwa kile cha kukwangulia karoti, upande wa matundu madogo. Jibini gumu la Italia ni ghali mno huku. Ukipita Lushoto, shamba la Irente wanatengeneza jibini, nalo linafanya kazi. Mizani ya jikoni ukiwa nayo, anza na gramu 100 za majani, 50 za korosho, 50 za jibini na nusu kikombe cha mafuta, halafu ufuate ulimi wako.

Kwenye chupa ndipo ninapokuwa mkali. Nunua, au okoteza, chupa ndogo za vioo zenye mfuniko unaobana, uzichemshe. Watu wanadhani mafuta yakifunika juu pesto inaweza kukaa kabatini kama achari. Haiwezi. Saumu mbichi ndani ya mafuta, mahali pasipo hewa na penye joto, inaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake huua, na huenda usinuse wala kuona chochote. Kukamulia ndimu kidogo hakutoshi kuizuia. Iingie kwenye friji mara tu unapomaliza, na iliwe ndani ya siku 4. Ndiyo maana nasema chupa ndogo: unafungua unachokula, hubaki na dumu la kulinda.

Inayozidi naigandisha kwenye trei ya barafu, trei iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, kisha navihamishia vipande kwenye mfuko na kuandika tarehe juu. Kwenye friza hukaa miezi kadhaa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu ukavikuta vimelainika na kupata joto, mwaga bila kuonja. Kipande kimoja au viwili vinatosha sahani ya tambi; vitie zikiwa zimeshaepuliwa, pamoja na vijiko vichache vya maji yake ya moto.