Unaanza kujifunza mataji ya kina malkia wa China? Anza na ile bluu

Wengi mnaoanza naona mnakimbilia lulu na dhahabu, mi nawashauri muanze na ile bluu. Kwenye mataji ya Ming na Qing, zile nasaba mbili za mwisho za wafalme wa China, ile bluu kali mara nyingi si rangi ya kupaka wala si jiwe, ni manyoya ya ndege mdiria, yanakatwa vipande vidogo sana alafu yanabandikwa kwa gundi juu ya kibati cha fedha kilichopakwa dhahabu, kazi yenyewe inaitwa diancui. Ukikutana na kipande chukua lenzi, kiangalie kwenye mwanga kutoka pande tofauti, kama ni manyoya utaona vijistari vimelala pamoja na bluu inabadilika kidogo, enameli yenyewe, yaani rangi ya kioo inayoyeyushwa juu ya chuma, inakaa kama kioo. Na msiguse kwa kidole jamani! Mafuta ya ngozi yanaharibu, wadudu nao wanakula, maji na spiriti ndo kabisa msijaribu.

Alafu jifunzeni kutenganisha zama maana tamthilia zinachanganya sana. Taji la feniksi (yule ndege wa hadithi) la Ming ni kama kofia nzima. Lile la Malkia Xiaoduan, mke wa mfalme Wanli, lilitoka kwenye kaburi la Dingling karibu na Beijing, lilichimbwa kati ya 1956 na 1958, lina dragoni 9 na feniksi 9, lulu zaidi ya 4,000 na uzito unapita kilo 2, ila umbo lake limeshikwa na mianzi iliyopakwa laka (aina ya vanishi) na kuvalishwa hariri. Hapo ndo pa kukaa muda mrefu, tafuteni picha za nyuma na za ndani, mbele kila mtu anapaona, ufundi mwingi uko huko.

Qing ni habari nyingine. Tazameni picha za Cixi, malkia mjane wa Qing, alizopigwa na mpiga picha wake Xunling 1903 na 1904, ule ubao mpana mweusi wa satini kichwani, maua makubwa, vishada vya lulu vinaning'inia.

Pini za nywele ni rahisi: zan ina mguu mmoja, chai miwili, buyao ndo ile yenye vining'inio vinavyotikisika mtu akitembea.

Mnaotaka kutengeneza wenyewe, achaneni na mdiria, ndege hao wameuawa sana kwa ajili ya mapambo haya na manyoya yalikuwa yanatoka mpaka Kambodia. Tumieni manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi au utepe wa hariri, anzeni na jani moja dogo, kateni kufuata ulalo wa unyoya na gundi iwe nyembamba, ikizidi inapanda juu na ule mng'ao wote unakufa.