Nani mwenye neno la mwisho mlimani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza hivi: mtu akienda kutembea kwenye njia ya mlima iliyo kando ya bahari, je, kumlipa kiongozi wake binafsi ni busara au ni kutupa pesa, "hasa pale ambapo njia ina alama na ramani iko kwenye simu"? Jibu langu ni lipa. Kama pesa haitoshi, ahirisha safari. Nilikusudia kuishia hapo, ila hayo maneno yenu ya mwisho yamenichoma, maana niliyasikia karibu yote, kwa mpangilio huohuo, yakitoka kinywani mwa shemeji yangu tukiwa Table Mountain, Cape Town.

Kwanza niweke jambo moja sawa. Sisi wa huku tumezoea Kilimanjaro, ambako kiongozi ni lazima. Getini hupiti bila yeye, kwa hiyo hakuna anayekaa kujiuliza kama ana faida. Table Mountain ni habari nyingine. Mlima uko katikati ya jiji, ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 1998, lakini njia zake nyingi unaingia bure, saa unayotaka, na viatu unavyotaka. Nimeona watu wakianza Platteklip, njia ya korongo inayopanda kutoka upande wa mjini, na ndala. Kilele chake, Maclear's Beacon, kina mita 1,086 tu, na mtu aliyezoea kusikia 5,895 anaona ni kilima cha kutafutia hamu ya chakula. Anasahau kwamba hapa anaanza kupanda karibu na usawa wa bahari, na hakuna mtu getini wa kumuuliza amebeba nini.

Shemeji alikuwa mtu wa namna hiyo. Amepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, akafika Gilman's, ukingoni kabla ya kilele, ingawa akisimulia kwenye harusi huwa anafika Uhuru, kileleni kabisa. Yeye ndiye aliyelipia safari yetu, na yeye ndiye aliyetaka kiongozi wetu wenyewe, asiyechanganywa na watalii wengine. "Sitaki kusubiriana na wazee wa Kijerumani," alisema. Tulikuwa wanne: yeye, dada yangu, binti yao aliyekuwa kidato cha pili, na mimi niliyebeba machungwa.

Njia tuliyochagua inaitwa Kasteelspoort. Unaanzia juu ya Camps Bay, unaikata Pipe Track, ile njia ya bomba inayopita chini ya vilele vya Twelve Apostles tangu miaka ya 1880, kisha unapanda korongo la mawe hadi juu. Ukigeuka nyuma unaiona bahari ya Atlantiki yote, ufukwe mweupe chini ya miguu yako, na kilele cha Lion's Head kulia kwako. Kwa kuwa upande huo unatazama magharibi, asubuhi unapanda kivulini. Kiongozi alituambia hilo kabla hatujauliza kwa nini tumeamshwa mapema hivyo.

Alikuwa mama wa makamo, mkimya, beji yake shingoni. (Afrika Kusini sheria inamtaka kila anayeongoza watalii kwa malipo awe amesajiliwa. Mwombe akuonyeshe, haoni vibaya.) Kabla ya hatua ya kwanza alitazama viatu vyetu kimoja kimoja, akauliza kila mtu ana maji kiasi gani, akafungua begi lake na kumpa binti koti la upepo. Jua lilikuwa linawaka. Shemeji akanikonyeza.

Tulipanda vizuri. Nitasema wazi kwamba kwenye kupanda kule sikuona kazi ya kiongozi. Njia inaonekana, mawe yamepangwa kama ngazi, na watu walikuwa wanapita wakitusalimia. Alichokifanya ni kutembea polepole kuliko alivyotaka shemeji, na kusimama kila binti alipoanza kuhema. Alituonyesha maua ya protea, akatuonyesha pimbi aliyejianika juani, akamwambia binti kwamba jamaa zake wa karibu ni tembo. Binti hakuamini mpaka jioni alipopata mtandao.

Juu ya korongo kuna mabaki ya kituo cha kamba za zamani zilizotumika mwishoni mwa karne ya 19 kupandisha vifaa na wafanyakazi wa kujenga mabwawa ya maji ya mji. Jirani yake kuna jiwe lililojitokeza hewani kama ulimi, na watu hupanga foleni wapige picha. Tukapanga na sisi. Nilipoteremka kwenye lile jiwe nilimkuta kiongozi ameipa bahari mgongo. Anatazama ndani, kuelekea kaskazini mashariki, ambako mpango wetu ulikuwa twende: kuvuka mabonde hadi kituo cha juu cha kebo, lile gari linaloning'inia kwenye waya, kisha kuteremka mjini tukiwa tumesimama ndani yake, sakafu ikizunguka. Huko kulikuwa na wingu jeupe limelala juu ya mlima, ncha zake zikimwagika na kupotea hewani.

Wenyeji wanaliita kitambaa cha meza. Ni kazi ya upepo wa kusini mashariki, unaovuma zaidi wakati wa kiangazi chao. Unatoka baharini na unyevu, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unakuwa wingu, na ukianza kuteremka upande wa pili wingu linayeyuka. Ndiyo maana mtu aliyeko Camps Bay anaweza kuwa anajipaka mafuta ya jua wakati aliyeko juu haoni kiatu chake. Kutoka chini ni zuri mno. Kadi za posta zimejaa picha zake.

Mama akaangalia simu. Kebo imefungwa kwa sababu ya upepo. Akasema kwa sauti ileile aliyotumia kuzungumzia pimbi: "Tutakwenda kwenye mabwawa, ni karibu, kisha tutarudi kwa njia tuliyojia."

Shemeji akacheka kidogo. "Dada, mimi nimepanda Kilimanjaro."

"Hongera sana. Ulikwenda na kiongozi?"

Binti akacheka, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shemeji akaanza kuhesabu vidole: amelipia siku nzima, amelipia kufika kituo cha juu, wingu ni wingu tu, ukungu wa Lushoto ni mzito zaidi. Kisha yakaja yale maneno. Njia ina alama. Ramani iko kwenye simu. Akaitoa simu yake, akaiwasha, akamwonyesha kile kinukta cha bluu kinachosema tuko hapa.

Mama hakubishana. Alimwambia: "Sawa. Kebo imefungwa. Nionyeshe kwenye ramani yako utateremka wapi."

Shemeji akaikuza ramani kwa vidole, akatafuta. Mtu yeyote angefanya alivyofanya: akatafuta mahali ambapo mji uko karibu zaidi na ukingo, akaona korongo linaelekea huko, akaweka kidole. "Hapa."

"Hilo linaishia kwenye genge," mama akasema. "Unaanza kuteremka vizuri, nusu saa nzima unajipongeza, halafu ardhi inaisha. Kurudi juu huwezi kwa sababu uliteleza kuja. Hapo ndipo watu wanawaita waokoaji, kama simu bado ina chaji." Akamwonyesha Platteklip, mbali kuliko alivyodhani, na akamweleza kwamba ndani ya ukungu mdomo wa korongo lile lenye ngazi na mdomo wa korongo la kufia vinafanana.

Dada yangu akasema tunarudi. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa ile sauti ambayo kwetu nyumbani haina rufaa. Tukaenda kwenye mabwawa. La Woodhead lilikamilika 1897, la Hely-Hutchinson 1904, na kuta zake ni mawe yaliyochongwa kwa mkono. Maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi, si uchafu, ni mimea ya mlimani inayoyapaka. Ni pazuri kweli. Ila shemeji alikaa kwenye ukuta akila machungwa yangu bila kumtazama mtu.

Na sasa sehemu ambayo wasimuliaji wa hadithi za namna hii huiruka. Tulipokuwa tunateremka, mchana ukiwa umesogea, upepo ulilegea na lile wingu likapasuka. Kule juu kukawa kweupe kabisa. Kijana mmoja aliyekuwa amepita pale mapema na wenzake, wote na kaptura, walikuwa wamefika, wamepiga picha, wameteremka salama kwa Platteklip. Tulikutana nao jioni ufukweni. Shemeji akamwambia mama, kabla hatujaagana, "Umeona?" Naye akajibu, "Ndiyo, nimeona," akaanza kukunja makoti yake. Shemeji hakutoa bakshishi. Dada alitoa, alipokwenda kumsindikiza hadi kwenye gari.

Wakiwa hapo ndipo mama alipomwambia dada neno ambalo mimi nalifikiria zaidi kuliko yote ya mlimani. Alisema siku kama ile, akiwa na kikundi cha watu wanane, hana haja ya kubishana. Anageuka tu, wengi wanageuka naye, na mmoja anayenung'unika hana wa kumsikiliza. Wanaolipia safari ya peke yao ndio wagumu. Hao wamenunua siku yake yote, wakirudi hotelini wanaandika kwenye intaneti, na nyota mbili walizompa zinasomwa na mteja wa mwezi ujao. Alisema kuna wenzake vijana, wenye kodi ya nyumba, ambao wangetupeleka.

Kwa hiyo naona nimelijibu swali ambalo hamkuuliza. Mliuliza kama kiongozi wa binafsi ana faida. Mimi nasema kiongozi ana faida moja kubwa. Si kuonyesha njia, maana simu nayo inaonyesha. Wala si hadithi za mabwawa, ambazo ziko vitabuni. Faida yake ni kwamba yupo mtu mmoja ambaye hana hamu ya kufika, na anaweza kusema turudi. Sasa angalieni mnachokifanya mkimlipa awe wenu peke yenu. Mnamweka mtu huyo chini ya yule mwenye hamu kubwa kuliko wote, yaani mwenye pochi. Tulibahatika kumpata mama mwenye umri wa kutosha asijali nyota zetu, na dada yangu alikuwepo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa upande wa kulipa, na sijahama wote. Kiongozi wenu wenyewe anakwenda kwa mwendo wenu. Ukiwa na mtoto, au mzee, au goti lenye historia, hilo ni jambo kubwa, na kikundi hakitakusubiri hivyo. Pia kuna suala la usalama, maana visa vya watembeaji kuporwa kwenye baadhi ya njia za mlima ule si uvumi, na kutembea wawili mkiwa wageni si sawa na kutembea na mwenyeji anayejua wapi pa kupita na saa ngapi. Haya yote nayakubali.

Hata hivyo mkihesabu kura, yangu iwekeni kwenye "hapana". Kwa msomaji wa kawaida, mwenye afya, anayekwenda mara ya kwanza na watu wake wawili watatu, nasema ajiunge na kikundi kidogo chenye kiongozi aliyesajiliwa. Atalipa, sitabishana, lakini "hapana" ya kiongozi itakuwa na uzito. Wa kwenda bila kiongozi kabisa ni yule anayeweza kuteremka Platteklip hata ukungu ukimkuta, na huyo kwa kawaida hasomi jibu langu.

Na kama ni lazima uwe na wako peke yako, basi malizaneni mapema, kwa maandishi, kabla ya pesa kutoka: nani anaamua kurudi, na mkirudi nusu njia pesa inakuwaje. Nadhani akidai zote ni haki yake, kwa sababu siku amekupa, ingawa shemeji mpaka leo anasema nusu ingetosha. Anataka turudi Desemba. Nimemwambia Desemba ndio msimu wenyewe wa upepo ule, akasema safari hii atatafuta kiongozi kijana.