Nyumba ya Jirani Imegeuka Gesti Isiyo na Kibao

*Mama Mtendaji alikuwa afisa mtendaji wa mtaa, kisha wa kata, Dodoma mjini. Amestaafu, na hapa anajibu barua za wasomaji kuhusu majirani, viwanja na maisha ya mtaani.*

SWALI

Mama Mtendaji, shikamoo. Naishi Ilazo na mume wangu na watoto watatu. Nyumba tunayopakana nayo ukuta alikuwa amepanga nesi na mumewe na mapacha wao, kwa 350,000 kwa mwezi. Watu waungwana, watoto wetu walikuwa wakila sahani moja. Mwenye nyumba alihamishiwa Mwanza kikazi. Mwaka jana akawaambia kodi ikiisha watoke, nyumba akamkabidhi mpwa wake. Mpwa akapaka rangi, akafunga viyoyozi, akaitangaza Airbnb na Instagram, 80,000 kwa usiku. Yeye haishi pale. Funguo zinakaa kwenye kisanduku cha namba kando ya geti.

Wageni wengi wanashuka na treni ya usiku. Saa tano, saa sita, bajaji zinapiga honi getini kwangu kwa sababu ramani ya simu inawaleta kwangu. Mwezi uliopita mwanaume mmoja aliingia mpaka barazani. Binti yangu wa miaka 13 ndiye aliyemfungulia, akidhani ni baba yake. Yule bwana aliomba radhi, hakuwa na nia mbaya, lakini binti tangu siku hiyo hafungui geti hata mchana. Maji ya mgao yakija, pampu yao inavuta yote, sisi tunabaki na bomba linalotoa upepo. Chemba yao imejaa, maji machafu yanapita uchochoroni mpaka kwenye msingi wa ukuta wetu. Hela ya ulinzi shirikishi hawatoi. Nilikwenda ofisi ya mtaa nikaambiwa hayo ni ya majirani, mkayamalize wenyewe. Mume wangu anasema tunyamaze. Mimi nimerekodi video za wageni wakiingia na kutoka, nataka kuziweka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ili mwenye nyumba aone aibu. Nishauri.

*Mama wa watatu, Ilazo*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo, nyote hapo nyumbani, na huyo binti umsalimie peke yake, kwa jina lake.

Naanza na yeye, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja, hilo haliwezi. Leo hii mpigie mpwa, si kwa ugomvi, mwambie: "Mdogo wangu, alama ya nyumba yako kwenye ramani iko getini kwangu, naomba uisogeze." Ni kazi ya dakika kumi. Mwambie pia kwenye ujumbe anaowatumia wageni aweke picha ya geti lake na namba ya kibao cha anwani, vile vibao tulivyobandikiwa mwaka 2022 kabla ya sensa. Na taa ya nje aiwashe. Mgeni anayefika usiku kwenye mtaa wa mageti meusi yanayofanana yote, akiona geti moja lina taa atagonga hilo, na kwa sasa lenye taa ni lako.

Video za wageni zifute. Mtu aliyeshuka na begi saa sita usiku hajakukosea kitu. Wengine wameleta mgonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, wengine wameitwa kwenye usaili. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, unaweza kujikuta wewe ndiye unayejieleza. Lakini video ya uchochoro itunze. Ipige asubuhi, ionyeshe mfuniko wa chemba na maji yanakopita mpaka kwenye msingi wako, siku tatu mfululizo.

Hapo kwenye chemba ndipo kesi yako ilipo, na nataka nikueleze vizuri maana nimesimama juu ya mifuniko hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Shimo la nyumba ya kuishi huchimbwa kwa hesabu ya familia. Familia inaoga, inapika, inafua Jumamosi. Nyumba ya wageni haina Jumamosi. Kila anayeondoka, mashuka na taulo vinafuliwa siku hiyohiyo ili mwingine aingie. Mgeni anaoga asubuhi na jioni, tena kwa muda mrefu, maana amelipia. Chumba cha kwanza cha shimo kinajaa, mashapo hayapati muda wa kutulia, yanapita na maji mpaka kwenye shimo la kunywea, lile la kufyonzea maji ardhini, na kuziba udongo. Baada ya hapo maji hayana pa kwenda ila juu. Ukiona yanatoka kwenye mfuniko, kuita gari la kunyonya mara moja hakutoshi. Ama wanyonye kwa ratiba, ama waongeze shimo.

Kwa hiyo usirudi ofisi ya mtaa kusema "wananisumbua." Ukisema hivyo utajibiwa kama ulivyojibiwa. Nenda kwa afisa afya wa kata, mwonyeshe video, sema maji taka yanatiririka kwenye njia wanayopita watoto. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamruhusu kuja kukagua na kutoa notisi. Peleka barua, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Barua yenye muhuri haiambiwi "mkayamalize wenyewe."

Jibu ulilopewa lilikuwa kosa, nalisema kama mtu aliyekalia kiti hicho. Kiwanja kina matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Wakazi wa zamani wa Dodoma mnaikumbuka CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na hati zake za miaka 33, na jinsi ilivyokuwa kali kwa mtu aliyefungua hata duka kwenye kiwanja cha makazi. CDA ilivunjwa 2017, masharti hayakuvunjwa. Sasa yanasimamiwa na Jiji, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mtu habadilishi matumizi ya kiwanja bila kibali cha mamlaka ya mipango. Kulaza watu kwa siku, kwa malipo, wageni kwa wageni, ni biashara. Inahitaji leseni, na inahitaji daftari la wageni kama gesti yoyote ya Majengo. Kama itafika huko, ujue pia kwamba tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata kwenye mambo ya ardhi linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Lakini sitaki uanzie huko. Kabla ya barua ya afya, mpigie mwenye nyumba mwenyewe, Mwanza. Usimtumie ujumbe, piga, jioni akiwa ametulia. Watu wengi waliokabidhi nyumba kwa ndugu hawajui chemba inatoa maji. Mweleze uliyoyaona kwa macho yako: shimo, pampu inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa badala ya kwenye simtanki, hela ya ulinzi, binti. Mwombe mtu wa kulala pale, au angalau wa kupokea wageni usiku. Mpe wiki mbili. Mume wako awe karibu na simu iwe kwenye spika, ili naye asikie kwamba hukutukana.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita nami siwezi kulipita: nesi na mapacha. Usiku tano za 80,000 zinazidi kodi yake ya mwezi mzima. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, nyumba hiyo hailali tupu, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024, mtu anakuja Dodoma kwa shughuli ya siku mbili bila kuona shida. Naielewa hesabu ya mwenye nyumba. Ila mji huu umehamiwa na Serikali nzima kwa miaka michache, na anayesukumwa mpaka Nzuguni au mbali zaidi ni nesi, mwalimu, karani. Barcelona, Hispania, jiji limetangaza kwamba ikifika Novemba 2028 halitakuwa na leseni hata moja ya nyumba za watalii za namna hii, kwa sababu wenyeji wamekosa pa kupanga. Hatujafika huko, na sisemi tufike. Nasema madiwani wetu walizungumze sasa, wakati nyumba bado zinahesabika mtaa kwa mtaa. Mwulize diwani wako kwenye mkutano wa hadhara wa kata.

Na si kwamba nachukia wageni. Bunge lilipohamia hapa 1996 nilikuwa naishi Makole, na mimi nilipangisha chumba cha uani kipindi cha vikao. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa dereva wa mbunge wa Kigoma. Siku aliyofika nilimpeleka kwa balozi wa nyumba kumi, akaandikwa, akasalimia majirani wote wa uani. Wiki ya tatu mwanangu alishikwa na homa kali usiku wa manane, na mama wa nyumba ya pili ndiye aliyekwenda kumgongea dereva, kabla hata mimi sijafikiria. Alimfahamu. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye hiyo nyumba ya Ilazo: mtu mmoja mwenye uso, ambaye ukigonga anafungua.

SWALI

Shikamoo Mama. Nina vyumba viwili Nkuhungu napangisha kwa siku. Nafunga muziki saa tatu usiku, napokea wageni mwenyewe, lakini kina mama wa mtaa wanapaita danguro. Nifanyeje?

*Kijana wa Nkuhungu*

JIBU

Marahaba, baba. Nunua daftari gumu la kurasa nyingi. Kila mgeni: jina, namba ya kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, saa ya kuingia na ya kutoka. Lipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa alione kabla hajaitwa kuja kuliona, na umweleze ulipofikia na leseni. Asiyetaka kuandikwa asilale, hata akikupa mara mbili ya bei, na mtoto hapokelewi bila mzazi.

Halafu mashuka yako mpe mmoja wa hao kina mama afue, kwa malipo ya haki. Ataingia kila siku, ataona vyumba, ataona daftari mezani. Maneno yake kisimani yatakusaidia kuliko barua yoyote nitakayokuandikia mimi.